Chaki ya Dola 30 Inanunua Nini?

Kipande cha chaki ya Master, ile ya bluu yenye karatasi ubavuni inayozagaa kwenye meza za pool dunia nzima, hakifiki dola moja. Kipande cha Kamui ya Japani au Taom ya Finland kinauzwa dola 20 hadi 30, na kuna matoleo yanayopita hapo. Kwa hela zetu ni kuanzia shilingi 50,000 za Tanzania au 2,500 za Kenya, kabla hujagusa gharama za usafiri na ushuru. Na kipande chenyewe kinaenea kiganjani. Wauzaji wanasema fimbo haitateleza, spini (mzunguko wa mpira) itaongezeka, hutahangaika kupaka kila mara, na meza itabaki safi. Wanaowacheka wanasema chaki ni chaki, vumbi la bluu tu, mengine ni mbwembwe za watu wenye fimbo za kwenye mabegi.

Ubishi huu hauishi kwa sababu wabishi hawazungumzii kitu kimoja. Mmoja anaongelea jinsi ncha inavyoushika mpira, mwingine jinsi chaki inavyodumu kwenye ile ngozi ya ncha ya fimbo inapopakwa, mwingine alama inayobaki kwenye mpira baada ya pigo. Chaki inaweza kuwa hodari katika moja na hovyo katika jingine. Kamui na Taom zenyewe, ambazo watu huzitia kapu moja kwa sababu ya bei, zilisifika kwa mambo yanayokaribia kupingana. Kwa hiyo tuyachambue moja moja, tukianza na lile linalouza chaki kuliko yote: spini.

Ncha ya fimbo inapougusa mpira mweupe, mguso wote unachukua kama elfu moja ya sekunde. Ukipiga katikati kabisa, huhitaji chaki. Nguvu yote inaingia moja kwa moja na hakuna sababu ya kuteleza. Tatizo huanza unaposogea pembeni, iwe ni chini ili nyeupe irudi, au kushoto na kulia ili ijipinde ikigonga ukingo. Hapo ncha inasukuma uso uliolala mshazari, na kinachoizuia isichepuke ni msuguano kati ya ngozi na mpira. Ngozi tupu kwenye mpira mgumu unaong'aa ina msuguano mdogo. Ngozi iliyopakwa chaki vizuri inafikisha kiwango cha takriban 0.6. Linganisha na mpira kwa mpira, ambao ni kati ya 0.03 na 0.08, utaona kazi inayofanywa na vumbi lile jembamba.

Kutokana na hicho kiwango cha 0.6 tunapata mpaka ambao kila mchezaji anaujua kwa mkono hata kama hajawahi kuupimia rula. Unaweza kutoka katikati ya mpira hadi karibu nusu ya nusukipenyo chake. Mpira wa kawaida wa pool una kipenyo cha milimita 57.15, kwa hiyo mpaka uko milimita 14 hivi kutoka katikati. Mipira ya blackball, aina nyingine ya pool, ni midogo, kama milimita 51, na mpaka wake uko karibu milimita 13. Ukivuka hapo, unasikia ule mlio wa "tik!", fimbo inaruka pembeni na baa nzima inakugeukia.

Sasa hapa ndipo biashara inapochanganya watu. Maadamu ncha haijateleza, spini inategemea umepiga wapi na kwa kasi gani. Chaki haihusiki tena. Kama umepiga milimita 10 chini ya katikati, na ncha ikashika, mpira unazunguka kiasi kilekile ukiwa umepaka Master ya senti au Kamui ya dola 30. Kushika ni ndiyo au hapana. Hakuna chaki inayoung'ang'ania mpira zaidi na kuuongezea mzunguko. Njia pekee ambayo chaki ingeweza kukupa spini zaidi ni kuusogeza ule mpaka, ikuruhusu upige milimita 16 au 17 kutoka katikati bila kuteleza.

Je, kuna inayofanya hivyo? David Alciatore, profesa mstaafu wa uhandisi wa mitambo wa Chuo Kikuu cha Colorado State ambaye wachezaji wanamfahamu kwa jina la Dr. Dave, amezipima chaki nyingi na kuonyesha vipimo vyake kwenye video. Alichokikuta ni kwamba zikipakwa vizuri, kwenye ncha nzuri, chaki za bei chee na za bei kali zinakupa kiwango cha juu cha spini kinachokaribiana mno. Tofauti ipo kwingine.

Mtu aliyenunua chaki ghali atakuapia kwamba nyeupe yake sasa inarudi kuliko zamani. Simuiti mwongo. Kwanza, chaki aliyoiacha ilikuwa ile ya baa, iliyotobolewa katikati kama shimo la bao, inayopaka pete nyeupe iliyo chini ya ngozi kuliko ngozi yenyewe. Pili, mtu akilipia chaki dola 30 anaipaka kwa adabu, kila pigo, huku akiangalia. Tatu, akiamini haitateleza, mkono wake unathubutu kushuka milimita mbili tatu chini ya pale alipozoea. Spini imeongezeka kweli. Aliyeiongeza ni yeye.

Biashara ya kuuza spini ndani ya kopo ni ya zamani. Katika miaka ya 1820, mjini Bath, Uingereza, kulikuwa na mhudumu wa chumba cha biliadi aitwaye Jack Carr, fundi wa kuzungusha mipira kwa namna ambayo wateja wake hawakuwahi kuiona. Wakitaka kujua siri, inasimuliwa, aliwauzia unga maalumu kwenye vikopo vidogo vya vidonge. Unga wenyewe ulikuwa chaki ya kawaida iliyosagwa. Siri halisi ilikuwa mkononi mwake na kwenye kile kipande cha ngozi kwenye ncha ya fimbo, uvumbuzi ambao husifiwa kwa Mfaransa François Mingaud, aliyeubuni mwanzoni mwa karne ya 19 akiwa kifungoni.

Chaki tunayoijua leo si jiwe la chokaa kabisa. Mmarekani William A. Spinks, mchezaji wa kulipwa wa biliadi, alipata kipande cha dutu kutoka Ufaransa kilichoshika mpira kuliko chochote alichokuwa amekitumia. Akampelekea William Hoskins, mkemia wa Chicago, akichunguze, ikaonekana asili yake ni jiwe la volkano. Wawili hao wakajaribu michanganyiko hadi wakapata ya kwao, yenye silika (madini yanayounda mchanga) na oksidi ya alumini, wakaisajili kwa hataza tarehe 9 Machi 1897. (Ni kwenye maabara ya Hoskins huyohuyo ambako baadaye Albert Marsh alitengeneza nikromu, ule waya unaowaka mwekundu ndani ya jiko la umeme. Spinks naye aliishia California akilima maparachichi.) Mipira bora ambayo chaki yao ilikusudiwa kuishika haikuwa ya plastiki. Ilikuwa pembe za ndovu, na katika karne ile Unguja ilikuwa soko kuu la pembe duniani. Misafara ya kutoka bara ilizishusha pwani, meli za wafanyabiashara wa Marekani zikazipeleka New England kutengenezewa funguo za piano na mipira ya biliadi. Hapo ndipo pwani yetu ilipoingia kwenye historia ya mchezo huu, na si kwa namna ya kujivunia.

Ule mchanganyiko wa 1897 unaeleza pia kwa nini chaki ya ubaoni haifai, hata kama kuna siku ile ya mezani imeisha na mtu akaazima ya shule. Chaki ya ubaoni ni jasi au chokaa, vitu laini. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs jasi ina 2 na chokaa 3. Silika ina 7, na oksidi ya alumini, ambayo ndiyo pia hutengenezea karatasi za msasa, ina 9. Chembe za silika ni ngumu na zina kingo kali. Zinajikita kwenye ngozi upande mmoja na kuuparuza mpira upande wa pili. Chembe za jasi zinasagika zikibanwa, zinageuka poda ya kulainisha. Jina tu ndilo linalofanana.

Kwa hiyo chaki nyingi za kisasa, za bei chee kwa za bei kali, ni ndugu: silika, kiasi cha chembe ngumu zaidi, rangi, na gundi ya kuzishikanisha. Kinachobadilika ni usagaji, uwiano, na aina ya gundi. Predator, kampuni ya fimbo ya Marekani, imeipa chaki yake jina la 1080 kutokana na daraja la usagaji wa silika yake. Longoni wa Italia wana Blue Diamond, inayokaa katikati ya Master na zile za dola 30 kwa bei na kwa tabia, na ambayo kwa maoni yangu ndiyo wengi wetu wangeishia hapo wasijute. Tweeten ya Marekani ndiyo inayotengeneza Master na Triangle. Kuna hata watu wanaowinda Master za zamani, zile ambazo karatasi yake haikuwa bado na bendera ya Marekani, wakiamini mchanganyiko wa enzi hizo ulikuwa bora. Wanazinunua kwa bei ya chaki mpya ya kifahari. Hapo tumeshaingia kwenye mambo ya imani, na imani haipimwi kwa fimbo.

Jambo la pili, kudumu kwenye ncha, ndilo lililoipa Kamui jina. Kampuni hiyo ilijulikana kwanza kwa ncha zake za ngozi ya nguruwe zilizogandishwa tabaka kwa tabaka, kisha ikaja na chaki inayong'ang'ania ngozi kiasi kwamba mtu anaweza kupiga mapigo kadhaa bila kupaka tena. Ukitaka kuona maana yake, paka Master, piga pigo moja kali lenye spini, kisha igeuze ncha kwenye mwanga. Kwenye bluu utaona kidoa kimoja kinachong'aa, pale mpira ulipogusa, ngozi ikiwa imebaki karibu uchi. Pigo lijalo likiangukia palepale, unacheza kwa bahati. Kwa Kamui kidoa hicho ni hafifu zaidi, rangi bado imejaa pembeni yake.

Faida hiyo ni ya kweli, lakini jiulize ni ya nani. Mchezaji anayepaka kila kabla ya pigo, kama wafanyavyo wachezaji wa kulipwa karibu wote, haihitaji sana. Ncha yake iko tayari wakati wote. Anayefaidika ni msahaulifu, anayecheza huku akipiga soga na kukumbuka chaki baada ya kuteleza. Yaani unalipa dola 30 ili usifanye kitendo cha sekunde mbili. Wapo wanaoona ni haki yao, na sina ugomvi nao.

Kinachoshika ngozi sana, hata hivyo, kinashika na mpira. Kamui za mwanzo zilikuwa na sifa ya kuchafua: vidole vya bluu, kitambaa cha bluu, na mpira mweupe wenye madoa kama una ugonjwa wa ngozi. Hapo tunafika kwenye jambo la tatu, ambalo wachezaji wengi wa kawaida hawalifikirii na ambalo kwangu ndilo pekee linaloweza kuhalalisha bei.

Mpira mweupe unapougonga mwingine kwa pembe, nyuso zao husuguana kidogo. Kwa sababu ya msuguano huo, mpira uliogongwa hauendi sawasawa na mstari unaounganisha vitovu vya mipira hiyo miwili. Unaburutwa kidogo kuelekea upande ambao mweupe unaenda. Mchezaji mzoefu ameshazoea kiasi hicho cha kuburutwa na anakifidia bila hata kujua. Sasa chukua chembe za silika, zile ngumu zenye kingo kali, uziweke mahali pale pale mipira inapogusana. Msuguano unaruka ghafla. Mipira inanata kwa nukta moja, mpira uliogongwa unaburutwa kuliko ulivyotarajia, wakati mwingine unaruka kidogo juu ya kitambaa, na mlio wake unakuwa mzito. Unakosa shimo. Umelenga sawa, umepiga sawa, umekosa.

Hesabu yake si ndogo. Mdomo wa shimo la kona kwenye meza nyingi za mashindano ya pool ni sentimita 11.4 hadi 11.7, na mpira ni 5.7. Ukiulenga katikati una nafasi ya chini kidogo ya sentimita 3 kila upande. Kosa la digrii 1 tu kwenye mwendo wa mita 1 linahamisha mpira milimita 17 hivi. Digrii moja imekula zaidi ya nusu ya nafasi yako, na kunata kwa sababu ya chaki kunaweza kukuongezea zaidi ya hiyo.

Kibaya zaidi ni kwamba hakutabiriki. Alama ya chaki inabaki mgongoni mwa mpira, pale ncha ilipogusa, kisha mpira unabingirika na alama inazunguka nao. Ili madhara yatokee lazima iangukie kwenye eneo dogo la mguso kwa wakati halisi wa kugongana. Mara nyingi haiangukii. Kila pigo linaongeza alama nyingine, na uwezekano unapanda taratibu hadi mtu aufute mpira. Kwa hiyo mchezaji anaishi na kosa linalomjia pengine mara moja kwa usiku, asijue limetoka wapi, akajilaumu bure na kubadilisha mtindo wa kulenga ambao haukuwa na ubaya.

Wachezaji wa snooker walilijua hili zamani, kwa sababu meza yao ya futi 12 haisamehe. Kwa miaka walikuwa wakimwomba mwamuzi aufute mpira kila walipohisi kitu. Taom ilipotokea muongo uliopita na chaki inayoacha alama hafifu mno kwenye mpira, wengi wa waliokuwa waaminifu kwa Triangle ya kijani walihama. Si kwa ajili ya spini. Walitaka mipira igongane kwa namna ileile kila mara.

Taom nayo ina vituko vyake. Ni ngumu, haipaki kwa kishindo. Ukipitisha mara moja juu juu utadhani umepaka kumbe bado. Inataka upake kila pigo bila kukosa, kinyume kabisa na ile hali ya "paka usahau" iliyoipa Kamui umaarufu. Na kwa kuwa mipira inagongana ikiwa misafi zaidi, kuburutwa kunapungua, hivyo pembe ulizozizoea kwa miaka zinabadilika kidogo. Mtu aliyekuwa akifidia uchafu bila kujua atajikuta wiki za kwanza anakosa kwa upande wa pili. Ndiyo maana ukisikia mmoja anasema Taom imemharibia mchezo na mwingine anasema imemwokoa, wote wanaweza kuwa wanasema kweli.

Hapa lakini kuna jambo ambalo tangazo la chaki halitakwambia. Spini yako ni yako, lakini alama kwenye mpira ni mali ya watu wote walioko mezani. Mpira mweupe ni mmoja. Ukitumia Taom na mwenzako anatumia kipande cha baa kinachomwaga unga, nusu ya alama zilizoko kwenye mpira ni zake, nawe ndiye utakayezikuta ukiinama. Kwa mfumo wetu wa mshindi anabaki mezani, na wapinzani kubadilika kila baada ya dakika kumi, pesa yako inasafisha sehemu ndogo tu ya tatizo. Kitambaa safi na mazoea ya kuifuta mipira kabla ya kuipanga kinakupa zaidi, bila gharama. Kwenye meza yako ya nyumbani, au klabu ambayo wanachama wote wamekubaliana chaki moja, hesabu ni tofauti kabisa na bei inaanza kueleweka.

Jambo la vumbi kwenye meza nitalipita haraka. Chaki inayomomonyoka inaingia kwenye kitambaa, inapanda tena kwenye mipira, na kwa kuwa ni silika inakila kitambaa taratibu. Mwenye baa anayenunua chaki ya bei rahisi kuliko zote anajibana kwenye senti na kulipia kitambaa kipya mapema. Rangi nayo iendane na kitambaa, bluu kwa bluu na kijani kwa kijani. Ni suala la macho tu, haliongezi wala kupunguza mchezo. Na mwambao wenye joto la unyevu, kipande kilicholala usiku kucha kwenye ukingo wa meza iliyo barazani kinavuta unyevu na kupaka mabonge asubuhi. Kiweke kwenye kopo lenye mfuniko.

Kuna jambo linalokuja kabla ya chaki yoyote: ngozi yenyewe. Fimbo nyingi za baa zina ncha iliyogandamizwa na maelfu ya mapigo hadi ikawa bapa, ngumu, inang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Paka hapo Kamui, paka Taom, haikai. Chembe hazina pa kujikita. Ncha inatakiwa iwe na mviringo kidogo, ili hata ukipiga pembeni mpira ukutane na ngozi na si ukingo, na uso wake uwe na ukwaruzo kidogo. Kipande cha msasa na dakika mbili vinatosha. Kama ngozi imekwisha, badilisha. Ncha ya Elk Master, ile ya bluu ya Tweeten, inauzwa kwa bei ya soda au mbili, na fundi yeyote mwenye gundi nzuri atakubandikia. Mtu mwenye fimbo ya ncha mbovu anayeulizia chaki ghali ananishangaza kila mara, na nawaona wengi.

Upakaji nao. Usikite ncha kwenye kipande na kukizungusha kama unatoboa mbao. Ndivyo mashimo yale yanavyochimbika, na ukishachimba, kingo za kipande zinapaka pete badala ya ngozi, huku pembeni mwa ncha, mahali hasa panapogusa mpira ukipiga spini, pakibaki patupu. Pitisha kipande kwa mafagio mepesi huku ukiizungusha fimbo, kisha itazame. Macho ndiyo kipimo. Ukiona ngozi popote, hujamaliza.

Kama unataka kujua chaki yako inakufikisha wapi, huhitaji maabara. Kwenye seti ya mipira yenye namba, chukua mmoja wenye mstari, tisa kwa mfano, uufute vizuri, uulaze mstari ukiwa mlalo, halafu uutumie kama ndio mweupe. Kwenye seti nyingi ukingo wa mstari uko karibu kabisa na ule mpaka wa nusu ya nusukipenyo. Paka, piga kwa nguvu ya wastani ukilenga ukingo wa chini wa mstari, kisha uokote mpira na utafute alama. Wengi hushtuka hapa: alama iko juu kuliko walivyolenga, karibu na katikati, yaani bado wana milimita kadhaa za spini ambazo hawajawahi kuzitumia. Rudia kwa chaki nyingine. Ukiona alama zinafika mahali pamoja bila kuteleza, umejibu swali la spini mwenyewe. Halafu linganisha alama zenyewe: ipi imeacha doa nene linalohitaji kusuguliwa, ipi imeacha kivuli kinachofutika kwa kidole. Tofauti hiyo ndiyo unayolipia.

Ningekuwa na shilingi 60,000 za kutumia kwenye mchezo huu, ningeanza na ncha mpya na msasa, nikanunua Blue Diamond au Predator, na chenji ikalipia michezo ya wiki kadhaa. Taom ningemshauri mtu mwenye meza yake, au anayecheza mashindano ambako mipira inafutwa na kosa moja linampeleka nyumbani. Kamui ningemwachia anayejijua kuwa msahaulifu, kwa sharti awe na kitambaa mfukoni. Na ukishaleta Taom yako baa, usiifiche. Mwenzako akiomba kupaka, mpe, tena msisitizie, maana doa ambalo chaki yake ingeacha kwenye mpira mweupe ungelikuta wewe kwenye pigo lako linalofuata.